Mkisafiri wawili, kila mmoja abebe safari yake

Afisa wa uhamiaji aliniuliza swali jepesi kabisa: "Unafikia wapi?" Nikamjibu, "Mume wangu anajua." Akataka kujua huyo mume yuko wapi. Nikageuka nimwonyeshe, simwoni. Dakika chache nyuma, kijana anayepanga foleni alikuwa ametazama viza zetu, yake ya kazi na yangu ya mwenza, akatupeleka madirisha mawili tofauti, nasi tukatii bila kuuliza. Mwenzangu alikuwa ameshagongewa mhuri, kavuka. Barua ya mwajiri, anwani ya nyumba na cheti cha ndoa vilikuwa kwenye bahasha moja ya kaki, na bahasha ilikuwa kwapani mwake, upande wa pili wa kioo.

Simu yangu haikuwa na mtandao. Nilipelekwa kwenye chumba chenye viti vilivyokazwa sakafuni kwa skrubu, nikakaa humo saa moja na nusu.

Nchi yenyewe siitaji, maana yaliyotupata yangetupata popote. Tangu siku ile nimesikiliza wanandoa wengi waliohamia ughaibuni, na visa vyao karibu vyote vina mzizi mmoja: mmoja alikuwa na kila kitu, mwingine alikuwa abiria. Nyumbani kugawana kazi ni busara. Huyu anashughulikia karatasi, yule anafunga mizigo, na maisha yanakwenda. Lakini mlangoni mwa nchi ngeni hakuna "sisi". Kuna pasipoti mbili, na kila moja inaulizwa kivyake.

Kwa hiyo tayarisheni bahasha mbili, si moja. Kila bahasha iwe na anwani kamili mnakofikia pamoja na namba ya simu ya mwenyeji, nakala ya barua ya kazi, ya masomo au ya mwaliko, nakala ya cheti cha ndoa na tafsiri yake rasmi kama lugha ya huko ni nyingine, na karatasi ya bima. Wanaokwenda nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa viza ya muda mfupi wakumbuke kwamba bima ya matibabu inatakiwa ifike angalau euro 30,000, na ni ya kila msafiri. Chapisheni kwenye karatasi. Simu huisha chaji saa ile ile unapoihitaji. Na bahasha isiingie kwenye begi linalokwenda tumboni mwa ndege, ikae mkononi.

Mkiwa kwenye foleni, semeni mapema kwamba mko pamoja. Viwanja vingi huwaruhusu mke na mume kusogea dirishani kwa pamoja, ila hakuna atakayewauliza kama mngependa.

Halafu kuna maswali. Kule chumbani niliulizwa tulifunga ndoa lini, nikataja siku ya sherehe. Mwenzangu, walipomfuata huko alikokuwa akinisubiri, akataja tarehe iliyo kwenye cheti. Kati ya tarehe hizo kuna wiki tatu. Hakuna aliyedanganya, lakini kwa mtu anayetafuta ndoa za kubuni, hayo ni majibu mawili yasiyolingana. Sisemi mkariri hadithi. Hadithi iliyokaririwa hunuka. Someni karatasi zenu pamoja kabla ya safari: tarehe ya cheti, jina la mwajiri kama lilivyoandikwa, mnakaa muda gani, nani analipia. Usilolijua, sema hulijui, usibahatishe. Lugha ikikushinda, omba mkalimani. Kuomba mkalimani si kosa, na ni afadhali mara kumi kuliko kuitikia "ndiyo" kwa swali ambalo hukulielewa.

Tiketi nazo zina mtego wake. Wengi hukata kila mmoja ya kwake kwa sababu pesa zilipatikana kwa awamu. Ikiwa hivyo, kwa kompyuta ya shirika la ndege nyinyi ni wageni wawili tu. Ndege ikifutwa, mmoja anaweza kupangiwa ya usiku na mwingine ya kesho mchana, na hakuna mtu aliyekosea. Mkiweza, kateni pamoja chini ya namba moja ya nafasi. Mkishindwa, pigeni simu muombe nafasi hizo ziunganishwe kwenye maelezo ya safari. Jina kwenye tiketi lifuate pasipoti. Dada aliyeanza kutumia jina la mume lakini pasipoti yake bado ni ya jina la kwao, asafiri kwa jina la kwao na abebe cheti.

Na tazameni jina la uwanja, si la mji peke yake. London ina Heathrow, Gatwick, Stansted, Luton na City. Tokyo ina Haneda na Narita, na Narita iko mbali kiasi cha kilomita 60 kutoka katikati ya mji. Nawajua wanandoa waliosubiriana saa nne, kila mmoja amesimama kwenye mlango sahihi wa uwanja tofauti.

Pesa. Sisi tulikuwa na kadi mbili za akaunti moja, tukajiona tumejipanga. Mwenzangu alipojaribu kutoa fedha kwenye mashine ya uwanjani, benki ilishtuka kuona muamala wa ugenini ikazuia akaunti, na kadi yangu ikafa papo hapo. Kadi mbili za akaunti moja ni kadi moja. Kila mmoja awe na kadi ya benki tofauti, aijulishe benki yake kabla ya safari, na abebe fedha taslimu za kutosha siku mbili. Mashine ikikuuliza kama ikukate kwa sarafu ya nyumbani kwako au ya nchi uliyopo, chagua ya nchi uliyopo. Ukikubali ile ya kwanza, kiwango cha kubadilisha kinapangwa upande wa mashine, na mara nyingi kinakuumiza. Laini ya nyumbani msiitoe kwenye simu, kwa sababu namba za uthibitisho za benki zinatumwa huko huko.

Kama mnabeba fedha nyingi, angalieni sheria inavyowahesabu. Umoja wa Ulaya unataka kila mtu atangaze forodhani akiwa na euro 10,000 au zaidi. Marekani huhesabu familia inayosafiri pamoja kama mfuko mmoja: mume dola 6,000 na mke dola 6,000 ni dola 12,000, na zikizidi 10,000 lazima zitangazwe. Kubeba si kosa. Kosa ni kunyamaza. Na huko Marekani, kuzigawa ili kukwepa fomu nako ni kosa.

Sasa treni. Nilipotolewa kile chumba tulikuwa tumenuniana kidogo, kila mmoja akikokota masanduku yake. Treni ikaja, mimi nikapanda na sanduku moja, nikageuka kulipokea la pili. Mlango ukajifunga katikati ya mikono yetu. Nilimwona mwenzangu akipungua dirishani, mdomo unasema kitu nisichokisikia. Nikashuka kituo kilichofuata, nikachukua treni ya kurudi. Yeye naye alikuwa amepanda iliyofuata ili anikute. Tukapishana tukiwa juu ya reli. Nilipofika pale kituoni hayupo. Yeye treni yake ilikuwa ya haraka, haikusimama pale niliposhuka, ikampeleka mbali zaidi.

Wekeni kanuni hii kabla hamjatoka nyumbani: aliyebaki habanduki alipo, aliyechukuliwa ndiye anayerudi. Wapo wanaofundisha kinyume chake, kwamba aliyechukuliwa ashuke kituo cha mbele na asubiri. Sikubaliani nao. Hamjui treni ipi inasimama wapi, lakini wote wawili mnapajua mlipoachana. Mwenzako asipoonekana kwa saa nzima, mwendee mfanyakazi wa kituo. Na mkipanda, mzigo utangulie, mtu wa mwisho apande mikono mitupu.

Kila mmoja awe na tiketi yake mfukoni, si zote mbili kwa mwenye pochi. Mkaguzi hakubali maelezo kwamba tiketi yako iko treni ya nyuma. Katika baadhi ya nchi, Italia kwa mfano, tiketi ya karatasi ya treni za mikoani hugongwa kwenye kimashine kabla ya kupanda, na isiyogongwa inaweza kukutoza faini ingawa umeilipia.

Anwani nayo iandikwe kwa hati ya huko. Kama mnakwenda nchi isiyotumia herufi zetu, jina la mtaa lililoandikwa kwa herufi za Kilatini halimsaidii dereva hata akiwa na nia njema. Mwombeni mwenyeji awatumie kwa maandishi yao, mchapishe mara mbili. Namba ya kufungulia mlango pia. Yetu ilitumwa kwenye simu ya mwenzangu, na simu ilikuwa imezima. Tulisimama nje ya jengo mpaka mpangaji mmoja aliporudi na mbwa wake na kutuhurumia.

Ndani, saa sita usiku, ndipo tulipotaka kubadili nguo. Ufunguo mdogo ulikataa kuingia kwenye kufuli la sanduku jeusi. Nikamwambia mwenzangu umebeba ufunguo usio wenyewe. Akasema ufunguo ni ule ule ulionikabidhi. Tukabishana kwa sauti ya chini, kwa kuwa kuta zilikuwa nyembamba, kisha akaenda jikoni akarudi na kisu kinene, akakivunja kile kikufuli. Ndani kulikuwa na suti tatu za kijivu zilizokunjwa kiustadi, kamba za viatu zilizofungwa mafundo, na viatu vya mtu mwenye mguu mrefu kuliko wa yeyote kati yetu. Tulikuwa tumefunga utepe mwekundu ili tulitambue sanduku letu. Kumbe nusu ya dunia imefunga utepe mwekundu.

Kwa hiyo, kwenye mkanda wa mizigo, linganisheni namba ya kibandiko cha begi na kile kipande mlichopewa mlipokabidhi mzigo. Ni sekunde kumi. Vipande hivyo kila mmoja atunze vyake, na mizigo iandikishwe kwa majina yenu wawili. Begi lisipoonekana, msitoke ukumbini kabla ya kuliandikisha kwenye dawati la mizigo na kupewa namba ya kumbukumbu. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, unaohusu safari za ndege za kimataifa, begi lililoharibika linalalamikiwa kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu mlipokee, na lililochelewa ndani ya siku 21. Likipita siku 21 bila kufika, mna haki ya kulihesabu limepotea. Tangu Desemba 28, 2024, kikomo cha fidia ni 1,519 kwa kipimo cha SDR cha Shirika la Fedha la Kimataifa, kama dola 2,000 hivi, na kinahesabiwa kwa kila msafiri. Mwaka 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba msafiri ambaye vitu vyake vilikuwa ndani ya begi la mwenzake anaweza kudai kwa haki yake mwenyewe, ili mradi athibitishe. Uthibitisho rahisi ni picha: pigeni picha begi likiwa wazi, kabla ya kulifunga.

Na changanyeni nguo. Nusu ya zako ziingie sanduku lake, nusu ya zake ziingie lako. Sanduku lililobaki uwanjani lilikuwa na nguo zangu zote, kwa hiyo nililala na shati la mwenzangu, na asubuhi nikaenda nalo uwanjani.

Mwenye suti alikuwa amepiga simu mara tatu. Tulimwomba radhi na tukamnunulia kufuli jipya. Letu lilikuwa kwenye dawati la mizigo, limekaa peke yake na utepe wake. Ule ufunguo mdogo uliingia, ukazunguka mara moja, kufuli likafunguka. Mwenzangu hakusema kitu.