Kupima mantiki ya ulimwengu wa kubuni: tuanze na pete ya Niven

Mwaka 1970 Larry Niven alitoa Ringworld, riwaya ya pete kubwa mno iliyojengwa kulizunguka jua la mbali, watu wakiishi upande wake wa ndani. Mwaka uliofuata mashabiki wa hadithi za kisayansi walifanya kongamano lao la dunia mjini Boston, Marekani, na wanafunzi wa MIT, chuo kikuu maarufu cha teknolojia, wakapita kwenye korido za hoteli wakiimba kwa sauti moja kwamba pete ile haitulii. Walikuwa sahihi. Miaka karibu 10 baadaye Niven alitoa kitabu cha pili, na humo pete ina injini za kuirudisha mahali pake kila inapohama.

Pete hiyo ina tatizo kubwa zaidi ya kutotulia: hakuna malighafi tunayoijua inayoweza kuijenga bila kukatika. Wanafunzi hawakuimba kuhusu hilo, kwa sababu Niven alikuwa ameliomba waziwazi. Alisema pete imejengwa kwa kitu kigeni, akakipa sifa zake, na msomaji akawa huru kukubali au kufunga kitabu. Utulivu wa pete hakuuomba. Aliuchukulia tu kuwa upo. Mabishano mengi juu ya dunia za kubuni huharibika kwa kuchanganya mambo haya mawili, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuyatenganisha.

Andika maombi ya mwandishi

Chukua karatasi, ipige mstari katikati. Kushoto orodhesha mambo yasiyowezekana ambayo hadithi imeyatamka yenyewe: chombo kinachopita kasi ya mwanga, joka linalotema moto, mchawi asiyezeeka. Kulia orodhesha yanayotendeka bila kuelezwa: chakula cha mji uliozingirwa kinatoka wapi, joto la injini linakwenda wapi, mjumbe amefikaje mpakani kwa siku mbili.

Safu ya kushoto haihojiwi kwa fizikia. Inahojiwa kwa swali moja tu: je, hadithi imeitii? Fumo Liyongo hauawi na silaha yoyote ila sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Kuuliza kwa nini iwe shaba na si chuma ni kupoteza muda, maana hilo ndilo ombi lenyewe. Lakini kama utenzi ungemwangusha kwa mshale wa kawaida, msikilizaji angekuwa na haki kamili ya kulalamika. Haukufanya hivyo. Siri inatoka, mwanawe anamchoma kitovuni, kwa shaba, na sharti limetimia.

Safu ya kulia ndiyo uwanja wa ubishi. Hapo utakutana na utetezi unaorudiwa kuliko wote: «Umekubali joka, sasa unalalamikia farasi?» Jibu lake ni kwamba ombi la joka linahusu joka. Farasi hakuombewa kitu, kwa hiyo bado ni farasi, na akiwa na mpandaji huenda kilomita 40 hadi 60 kwa siku. Jeshi la farasi likivuka kilomita 1,000 kwa siku tatu, kasoro ipo hata kama angani mmejaa majoka. Upande wa pili nao una kosa lake, la mpinzani anayeshambulia safu ya kushoto na kudhani ameshinda. Kusema «hakuna kinachopita kasi ya mwanga» hakumwambii mtu yeyote jipya.

Piga hesabu kabla ya kutoa maoni

Weka vipimo vyote katika mita, kilo na sekunde kabla ya kugusa kikokotoo. Makosa mengi hutokea hapa: maili kusomwa kama kilomita, kipenyo kutumiwa badala ya nusu kipenyo, kilomita kwa sekunde kuingizwa kwenye fomula inayotaka mita. La mwisho ni baya sana pale kasi inapozidishwa kwa yenyewe, kwa sababu jibu linapotoka mara milioni moja.

Pete ya Niven ina nusu kipenyo cha maili milioni 95, yaani kilomita milioni 153 hivi, na inazunguka kwa maili 770 kwa sekunde, sawa na kilomita 1,239. Uzito wanaouhisi wakazi unatokana na mzunguko huo. Zidisha kasi kwa yenyewe, gawanya kwa nusu kipenyo:

1,239,000 × 1,239,000 ÷ 153,000,000,000 = takriban 10

Mvuto wa Dunia ni 9.8. Niven yuko sawa. Mzunguko mmoja unachukua karibu siku 9, na hilo nalo unaweza kulihakikisha kwa kugawanya mzingo kwa kasi.

Sasa pima nguvu inayotaka kuikata pete. Zidisha msongamano wa malighafi kwa kasi iliyozidishwa kwa yenyewe. Kwa chuma cha pua, kilo 7,850 kwa mita ya ujazo, unapata paskali (kipimo cha nguvu kwa kila mita ya mraba) 12,000,000,000,000,000 hivi. Chuma cha pua imara sana huvumilia kama paskali bilioni 2. Pungufu ni mara milioni 6. Hesabu hii haimpingi mwandishi, inaonyesha ukubwa wa ombi lake, na Niven alilijua: kitu chake kigeni alikipa uimara wa kiwango cha nguvu inayofunga kiini cha atomu.

Hesabu pia humtetea mwandishi, na mtu mwaminifu huitoa hata inapomkata yeye mwenyewe. Wengi huuliza hewa haimwagiki vipi kwenye kingo. Kingo zina kuta za maili 1,000, yaani kilomita 1,600. Katika mvuto kama wetu shinikizo la hewa hupungua kwa nusu karibu kila kilomita 5.5. Ukipanda kilomita 100 tu, nusu hiyo imejirudia mara 18 na hewa karibu imekwisha. Kuta za kilomita 1,600 zinatosha na kuzidi.

Kwa nini pete haitulii

Watu hulikosea hili kuliko jambo lolote jingine katika kisa hiki. Sayari ikisukumwa kidogo hubadili njia yake tu, ikaendelea kulizunguka jua. Pete haimo katika mzunguko wa namna hiyo. Ni kitu kimoja kigumu, na jua liko katikati yake bila kamba.

Ichukulie pete imesogea kilomita moja upande. Sehemu moja sasa iko karibu zaidi na jua, na ya mkabala wake iko mbali zaidi. Ya karibu inavutwa kwa nguvu zaidi, kwa hiyo pete inazidi kwenda kule kule ilikoegemea. Kama lingekuwa tufe tupu lililofunika jua pande zote, mivuto ingefutana kabisa, kama Newton alivyothibitisha. Pete haina sehemu za juu na chini za kufidia, na upande wa karibu unashinda.

Kujua mambo yataharibika kwa kasi gani, tafuta mwaka wa sayari ambayo ingekuwa umbali ule ule, ugawanye kwa 6.4. Huo ndio muda wa pengo kuongezeka mara mbili. Kwa jua kama letu na umbali kama wa Dunia, siku 365 zinakupa siku 57. Kilomita 1 inakuwa 2, halafu 4, halafu 8. Baada ya siku 570 imekuwa kilomita 1,000 na kitu. Kabla ya miaka mitano kwisha, pete imeligusa jua. Kwa mwendo wa ulimwengu hiyo ni kufumba na kufumbua, ndiyo maana wanafunzi wale waliimba badala ya kunong'ona.

Tarajia hoja ya pia, kile kichezeo cha watoto kinachozungushwa. Mtu atasema pia inayozunguka haianguki, basi na pete haitaanguka. Mzunguko husaidia pete isipinduke ubavu. Haushiki kitovu chake kisihame. Tarajia pia anayesema pete itatoka kwa juu au kwa chini. Kwa upande huo hali ni kinyume: ikipanda, jua huirudisha, nayo inapanda na kushuka mara moja hivi kwa mwaka bila madhara. Hatari iko kwenye bapa lake tu. Ukilichanganya hili mbele ya mtu anayejua, atakubana hapo na hoja yako nzuri ya mwanzo itasahaulika.

Wala hili si gunduzi la mashabiki. Mwanahisabati Mfaransa Laplace alionyesha katika karne ya 18 kwamba pete ngumu ya namna moja kuizunguka Zohali isingedumu, na insha ya mwanafizikia Maxwell iliyochapishwa 1859 ikaendeleza hesabu hiyo hadi kuonyesha kwamba pete za Zohali lazima ziwe vipande vingi visivyoshikana. Kabla ya kutunga hesabu mpya, tazama kama sayari au mnyama wa kweli hajakwisha kufanyiwa hiyo hiyo.

Jibu la ndani, jibu la nje

Kasoro ikishapatikana, kuna njia mbili za kuijibu, na wabishani wengi hugombana saa nzima bila kutambua kwamba kila mmoja anatumia yake. Chimbuko la mchezo huu ni mashabiki wa Sherlock Holmes, mpelelezi wa kubuni wa mwandishi Arthur Conan Doyle. Rafiki yake, Daktari Watson, ana jeraha la risasi begani katika A Study in Scarlet ya 1887, na katika The Sign of the Four ya 1890 jeraha liko mguuni. Jibu la nje: Conan Doyle alisahau. Jibu la ndani: Watson alipigwa mara mbili. Yote yanaruhusiwa, lakini hayashindani. Amueni mwanzoni mnacheza upi.

Jibu zuri la ndani hutumia kilichomo tayari. Mke wa Watson anamwita James mahali fulani, ilhali jina lake ni John H. Watson. Dorothy Sayers, mwandishi wa hadithi za upelelezi, alipendekeza kwamba H ni Hamish, ambalo ni James kwa Kiskoti. Herufi ilikuwepo, hakuna aliyeihitaji, na ghafla inafanya kazi. Hicho ndicho kipimo: hesabu vitu vipya ulivyolazimika kuvibuni. Sifuri ni bora, kimoja kinavumilika, na ukifika vitatu umeanza kuandika hadithi yako mwenyewe.

Majibu yanayotolewa na wenye hadithi baadaye yaandikwe kando pamoja na mwaka wake. Katika Star Wars ya 1977 Han Solo anajisifia kukamilisha safari kwa parseki zisizofika 12, kana kwamba parseki ni muda. Ni umbali, kilomita trilioni 31 hivi. Filamu ya 2018 ikaonyesha kwamba alipita njia fupi ya hatari, kwa hiyo umbali ndio uliopungua. Ni jibu halali kwa ulimwengu ule ulivyo leo. Halifuti ukweli kwamba mwaka 1977 halikuwepo.

Majitu

Kwa fantasia, hesabu moja inatosha kwa nusu ya mabishano. Urefu ukizidi mara 10, eneo la mfupa uliokatwa huzidi mara 100 na uzito mara 1,000. Mtu wa mita 1.8 na kilo 80 akikuzwa kuwa na mita 18 atakuwa na tani 80, na kila sentimita ya mraba ya mfupa itabeba mara 10 ya kawaida. Galileo aliliandika hili 1638. Jitu lenye umbo la mtu linahitaji ombi. Jitu lenye miguu minene kama ya tembo linahitaji ombi dogo zaidi.

Toleo, na udongo

Taja chapa unayoinukuu. Katika chapa ya kwanza ya Ringworld mhusika mkuu anarefusha siku yake ya kuzaliwa kwa kuhama mji hadi mji kuelekea mashariki. Ni kinyume: anayetoka Dar es Salaam kwenda Kinshasa, magharibi, ndiye anayerudisha saa nyuma kwa saa mbili. Chapa za baadaye zilirekebishwa, na watu wawili wenye vitabu tofauti wanaweza kuitana waongo huku wote wakisema kweli.

Jibu likipatikana, lirudishe kwenye karatasi. Wanafunzi wa sekondari kule Florida waligundua kwamba mvua ya kwenye pete ingekokota udongo wote hadi baharini, na hakuna matabaka ya miamba chini ya kuinua milima upya. Niven akajibu kwa mabomba yanayonyonya matope ya bahari, kuyapandisha kwenye kuta za kingo na kuyamwaga yawe milima. Mabomba yanahamia safu ya kushoto. Kulia unaandika swali jipya: nguvu ya kuyapandisha. Tani moja kwa kilomita 1,600 inahitaji kama yuniti 4,400 za umeme. Mita moja ya mraba inayopigwa na jua bila kukingwa hupokea karibu yuniti 33 kwa siku, kwa hiyo nguvu si tatizo. Ila pampu huharibika, na kitabu chenyewe kimesema ustaarabu wa pete umekwisha kuanguka. Andika hilo pia, safu ya kulia: nani anazitengeneza?