Jinsi chama cha wakimbizi kinavyoomba ruzuku ya serikali kuu ya Marekani

Fedha nyingi za kuwapokea wakimbizi Marekani hazifiki kwenye vyama vya jamii moja kwa moja. ORR, ofisi ya wakimbizi iliyoundwa kwa Sheria ya Wakimbizi ya 1980 chini ya Wizara ya Afya, hupitisha sehemu kubwa kwa majimbo na mashirika ya kitaifa. Lakini zipo ruzuku ambazo hata chama kidogo kinaruhusiwa kuzigombea. Wengi hukwama kwenye usajili kabla hawajaandika hata mstari mmoja wa andiko, kwa hiyo anza leo, hata kama tangazo la ruzuku bado halijatoka.

Kwanza sajili chama kwenye jimbo lenu, kisha omba EIN, namba inayotambulisha chama kwenye kodi, kwa mamlaka ya kodi, IRS. Ni bure. EIN haiwasamehe kodi. Msamaha huo una maombi yake.

Pili, SAM.gov, tovuti ya serikali kuu ya kuwasajili wanaoomba ruzuku. Hapa ndipo penye kazi. Utapewa UEI, namba ya kukitambulisha chama yenye herufi na tarakimu 12, lakini kuna njia fupi inayokupa namba hiyo peke yake, na hiyo haitoshi kuombea ruzuku. Kamilisha usajili wote. Mfumo hulinganisha jina na anwani mnazojaza na hati zenu. Cheti cha jimbo kikisema "Inc." na barua ya benki isiseme, au mkiwa mmehama ofisi bila kubadilisha anwani jimboni, mtaombwa hati nyingine, na wiki zitapita. Sawazisheni karatasi kwanza. Usajili huu nao ni bure na huhuishwa kila mwaka. Anayewapigia simu akidai ada anatafuta pesa yenu.

Tatu, fungua akaunti Grants.gov, tovuti ya kutumia maombi ya ruzuku. Mtu aliyetajwa SAM.gov kama msimamizi wa masuala ya biashara ndiye anayempa mwombaji idhini ya kusaini kwa niaba ya chama. Asipofanya hivyo, andiko litakaa tayari na hakuna wa kulituma.

Tangazo likitoka, soma kwanza nani anastahili, halafu vigezo vya alama. Vichwa vya andiko vifuate vigezo hivyo kwa mpangilio uleule, maana msomaji anatoa alama akiwa na orodha mkononi. Kwenye bajeti, msisahau gharama za uendeshaji kama pango la ofisi na mhasibu. Chama kisicho na kiwango cha gharama hizo kilichokubaliwa na serikali kinaweza kudai hadi asilimia 15 ya gharama za moja kwa moja zinazohesabiwa (kabla ya Oktoba 2024 ilikuwa 10), isipokuwa tangazo liseme vingine.

Mwisho wa kutuma mara nyingi ni saa 5:59 usiku kwa saa za Mashariki. Aliye California atafungiwa mlango saa 2:59 usiku kwa saa yake.

Tuma siku kadhaa mapema. Utapata namba ya ufuatiliaji inayoanza na neno GRANT, lakini hiyo inaonyesha tu kwamba faili limefika. Subiri barua pepe ya pili inayosema limepita ukaguzi. Likikataliwa kwa kosa la fomu, rekebisha na ulitume tena kabla ya muda kuisha.