Kitabu cha kale kabla hakijafika mashineni

Mtu huingia kibandani kwangu hapa Kibokoni, Mombasa, na kitabu kimefungwa kwa leso. Ni cha historia, kilikuwa cha babu yake, jalada limeng'oka na mgongo umeliwa na mchwa. Hata hajaketi: "Fundi, nataka nakala 50. Zitakuwa tayari lini?" Nami humuuliza kama amezihesabu kurasa.

Baba yangu alikuwa akijalidi misahafu na juzuu za chuoni. Mimi nikaongeza kompyuta na skana. Kazi nimeirithi, hasara nimejitafutia mwenyewe. Kubwa ilikuwa kitabu cha tarehe, yaani historia, ya ukoo mmoja wa hapa mjini. Nilipiga picha, nikasafisha, nikachapa nakala 60, nikazijalidi zikapendeza. Siku chache baadaye mwenye kazi akarudi na moja, akasoma kwa sauti amesimama mlangoni, kisha akaniuliza: "Mbona huyu amezikwa kabla hajatawazwa?" Karatasi 2 zilikuwa zimegandana kwa unyevu, nami nikazigeuza kama moja. Ukurasa wa 111 ukafuatwa na wa 114, na kwa kuwa namba isiyo shufwa bado ilikuwa kulia na shufwa kushoto, jicho halikushtuka.

Kwa hiyo anza na vidole. Nawa mikono, ikauke vizuri, kisha fungua karatasi moja moja huku ukiandika namba za kurasa kwenye daftari kwa penseli. Glavu za nini? Ukizivaa hutahisi kwamba karatasi mbili zimekuwa moja. Zilizogandana usizitilie mvuke wala maji. Pitisha kisu chembamba cha plastiki kikiwa kikavu, polepole, kuanzia pembeni. Zikigoma, ziache, utafute nakala nyingine. Na ukikuta aliyekutangulia amebandika selotepu, usiivute, itang'oka na wino.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, angalia kama kazi hiyo haijafanywa tayari. Kamusi ya Kiswahili ya mmisionari Krapf ya 1882 na hadithi za Waswahili alizokusanya Askofu Steere, zilizotoka 1870, zimeshapigwa picha na ziko kwenye Internet Archive, maktaba ya mtandaoni. Hata kama unacho chako mkononi, faili ya namna hiyo hukufaa kwa kuziba pengo la ukurasa uliochanika. Hakikisha tu kuwa ni toleo lile lile.

Sasa haki ya kuchapa, ambayo watu huiruka kama dimbwi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 hulinda maandishi muda wote wa uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kumalizika mwaka aliofariki. Mchukue Liwali Mbarak Ali Hinawy, ambaye barabara ya Mji wa Kale ina jina lake. Kitabu chake juu ya Al-Akida (kamanda wa askari) na Fort Jesus kilitoka London 1950, na mwenyewe alifariki 1959. Kwa Kenya ulinzi ulikwisha mwisho wa 2009. Uingereza huhesabu miaka 70, basi kwao ni mpaka mwisho wa 2029. Ukikichapa utauza Mombasa na Malindi, lakini mteja wa London usimtumie.

Tafsiri nayo ina hesabu yake. Justus Strandes alitoa mjini Berlin, mwaka 1899, kitabu chake cha zama za Wareno Afrika Mashariki, na tafsiri ya Kiingereza ikatoka Nairobi 1961. Kile cha Kijerumani ni cha kila mtu leo. Aliyetafsiri ni mtu mwingine, na miaka yake huhesabiwa mbali. Hali kadhalika dibaji, ramani na maelezo yaliyoongezwa na mhariri wa baadaye: yaondoe au omba ruhusa. Na hata pale sheria inapokuruhusu, nenda ukabishe hodi kwa jamaa wa mwandishi. Ni adabu, na mara nyingi wao ndio wenye nakala ambayo kurasa zake hazikuliwa.

Kupiga picha si kazi ya kuhangaisha. Kitabu dhaifu usikibane kwenye kioo cha skana. Kiegemeze kwenye mito miwili, kikae nusu wazi, upige kwa kamera kutoka juu kwa mwanga wa mlangoni, bila mmweko. Maandishi nayataka nukta 600 kwa inchi, picha zinatosha 300. Faili za kwanza ziweke kando, usiziguse tena. Fanyia kazi nakala zake.

Pa kukaza macho ni kwenye kusafisha. Programu huondoa madoa kwa kubofya mara moja, na ndipo inapokula lugha. Vitabu vya zamani vya Kimvita, lahaja ya Mombasa, wakati mwingine huweka alama ndogo kama koma juu ya mstari, baada ya herufi inayotamkwa kwa pumzi. Paa ni la nyumba, p'aa ni mnyama. Programu huiona koma ile kama kinyesi cha nzi, ikaifuta, na swala wako akapanda juu ya nyumba. Mimi husafisha ukingo wa ukurasa kwa programu, ndani ya maandishi kwa mkono.

Utaulizwa: tuchape picha ya kurasa zenyewe, au tupange herufi upya? Kwa kitabu cha historia mimi ni mtu wa picha. Waliokinukuu walitaja namba za kurasa zile, na faharasa ya nyuma hubaki na kazi. Ukilazimika kupanga upya, zima kisahihishi cha tahajia. Changu kiliwahi kugeuza "mato" (macho) kuwa "moto" beti nzima, mpenzi wa shairi akabaki na moto mawili usoni. Wala usisanifishe. Mwaka 1928 mkutano ulikaa papa hapa Mombasa, ukakata shauri kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Sawa, tumekubali, lakini aliyeandika kabla ya hapo hakuulizwa. Mwachie "tini" (chini) yake na "ndoo" (njoo) yake, umweleze msomaji kwenye maelezo ya mwisho.

Karatasi. Rimu ya 500 ya gramu 80 ina unene wa kama sentimita 5, yaani kila karatasi ni kama milimita 0.1. Kitabu cha kurasa 320 ni karatasi 160, mgongo milimita 16, nawe mpe mchoraji wa jalada kipimo hicho, asikisie. Kitabu cha A5 nakitunga kwa mafungu ya karatasi 4 za A4 zilizokunjwa pamoja, kurasa 16 kila fungu, basi hapo ni mafungu 20 ya kushona. Tatizo ni kwamba A4 za dukani kwa kawaida nyuzi zake hulala kwa urefu, ukizikunja katikati unazivunja, na kitabu hakifunguki kikatulia. Ipinde karatasi huku na huku: upande unaolegea ndio nyuzi zinakolala. Nunua A3 ambazo nyuzi zake hulala kwa urefu, uzikate katikati, nyuzi zitafuata mgongo.

Baba alitumia gundi ya unga wa ngano, na mende wa mji huu wakamshukuru. Tumia gundi nyeupe ya maji. Na wakati wa masika usishone: karatasi hunywa unyevu, ikikauka kitabu kinapinda kama dau.

Namba ya ISBN huombwa kwa Huduma za Maktaba za Taifa. Katika ukurasa ulio nyuma ya ule wa jina la kitabu andika umechapa kutoka toleo gani, la mwaka gani, na kurasa zipi zimetoka nakala nyingine.

Zile 60 zangu? Nilikata karatasi yenye 111 na 114, nikabandika mbili mahali pake, kitabu kimoja kimoja. Lakini 11 zilikuwa zimeshagawiwa arusini, na mpaka leo nimezipata 7. Ukiona moja ambayo marehemu anatawazwa, niletee. Gundi juu yangu.