Starta mbovu? Paki kwenye mteremko

Kuna jamaa mtaani kwetu hapa Mbeya ana kigari starta imekufa siku nyingi, ila hajawahi kuchelewa kazini, jioni anakipandisha juu kidogo anakiacha pua imeangalia bondeni, asubuhi anaachia breki, kikishika mwendo anatia gia mbili anaachia klachi, huyoo kaenda. Mimi ni fundi cherehani na starta yangu ndo mbovu kabisa, nikishaanza kushona nashona hadi nasahau kula, shida kuanza, hasa Juni hii baridi ya hapa unaijua mwenyewe. Basi nikamuiga.

Jioni usimalize kila kitu. Najua tumefundishwa usilale na kiporo, lakini mimi saivi nabakisha makusudi, mkono mmoja wa shati haujaungwa, uzi umo kwenye sindano, kitambaa kipo chini ya mguu wa cherehani. Asubuhi sijiulizi naanzia wapi, nakaa nakanyaga. Bluma Zeigarnik, mwanasaikolojia aliyesoma Berlin, aliandika mwaka 1927 kwamba watu aliowapima walikumbuka zaidi kazi walizokatishwa katikati kuliko walizomaliza, na kweli hilo shati usiku kucha linakuita tu.

Kama hakuna kiporo, chagua kitu kidogo mpaka uone aibu kukikataa. Nikijiambia leo sare sita, narudi kwenye blanketi. Nikijiambia najaza bobini tu, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini wa cherehani, naamka, na bobini ikijaa utaiacha hapo uende wapi? Wewe wa chuo fungua daftari uandike kichwa cha swali, wa shamba noa jembe. Simu ibaki chumba kingine mpaka hiyo bobini ijae, hapa sina mjadala maana status za watu zimenila asubuhi nyingi mno.

Afu angalia unapumzika wapi. Ukipita mlima wa Kitonga kwenda Iringa utaona malori yenye mzigo yanapanda polepole kama yamechoka ila hayasimami, dereva anajua akisimama katikati kuondoka tena ni balaa. Mimi nilikuwa nasimama hapo hapo, kola ikinigomea naenda kunywa chai, nikirudi nikiiona tu kola natafuta sababu nyingine ya kutoka. Siku hizi chai nainywa kola ikishakaa, au ikinishinda kabisa naiweka pembeni, naanza pindo la sketi, likiwa limefika nusu ndo naenda chai, hivo nikirudi narudi kwenye kitu chepesi.

Siku utakayoteleza, na utateleza tu, usianze kupanga mwanzo mpya Jumatatu. Watafiti wa London mwaka 2010 walitoa matokeo ya watu waliojaribu kuzoea jambo jipya, wengine ilionekana siku 18 zinatosha, wengine mpaka 254, na kuruka siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Kwa hiyo kesho yake jaza bobini, basi, usilipize kwa kushona mara mbili, utachoka uruke tena.

Na ile "njoo Ijumaa" ya sisi mafundi, mimi siitamki kama kitambaa hakijapitiwa na mkasi. Kikishakatwa, hata mteja akisimama mlangoni una kitu cha kumuonyesha.

Sa hizi saa mbili usiku, gauni la mtu limebaki kifungo kimoja, nazima taa.