Mzigo Ukichelewa Guangzhou: Namna ya Kuzuru Hekalu la Kibuddha

Wafanyabiashara wengi wa Dar, Nairobi na Kampala wanaoishi Guangzhou, China, wanaujua mtaa wa Xiaobei kwa vichochoro vyake, na masoko ya nguo na simu wanayajua hata gizani. Siku mzigo umechelewa kwa agenti, mtu anajilaza chumbani na simu mkononi. Vituo vitano tu vya treni ya chini kutoka hapo kuna mahekalu mawili yenye umri wa zaidi ya miaka elfu moja. Panda laini ya 5 Xiaobei, shuka kituo kinachofuata kwenye stesheni ya reli, hamia laini ya 2 hadi Gongyuanqian, kisha laini ya 1 kituo kimoja hadi Ximenkou. Beba pasipoti, huwezi kujua nani ataiomba njiani.

Watu wetu huuliza kwanza kuhusu dini: je, nikiingia nitalazimika kuinama? Hapana. Hakuna atakayekushika mkono akupeleke mbele ya sanamu, wala kukusukumia vijiti vya udi. Waumini wanafanya ibada yao, wewe unasimama pembeni na kutazama, na hakuna anayekushangaa. Ikiwa dhamiri yako bado inasita, zunguka uani tu, maana mnara, miti na maandishi ya kale yote yako nje.

Anzia hekalu la Guangxiao. Inasimuliwa kwamba mwaka 676 alifika hapo Huineng, mchanja kuni asiyejua kusoma, akawakuta watawa wakibishana juu ya bendera inayopepea. Mmoja alisema upepo ndio unaotembea, mwingine akasema ni bendera. Huineng akawajibu kwamba kinachotembea ni nyoyo zenu. Alinyolewa nywele hapohapo awe mtawa, na wanasema zimezikwa chini ya mnara mdogo ulio uani, karibu na mti wa Bodhi, ambao ni mtakatifu kwa Wabuddha. Leo Wabuddha wa madhehebu ya Chan, ambayo Wajapani huyaita Zen, wanamhesabu kuwa kiongozi wao wa sita. Tazama pia minara miwili ya chuma ya karne ya 10. Ni mifupi, wageni wengi huipita bila kugeuka.

Kutoka hapo tembea kwa miguu hadi Liurong, hekalu lililoanzishwa mwaka 537. Jina lake, Liu Rong, maana yake ni miti sita ya jamii ya mkuyu, ambayo mshairi Su Dongpo aliipenda alipopita mwaka 1100 hata akaandika maneno hayo mawili kwa mkono wake. Mnara wake una urefu wa mita 57. Ukiuhesabu kwa nje una ghorofa 9, ndani zipo 17.

Adabu si ngumu kwa mtu aliyelelewa pwani. Funika mabega na magoti. Hijabu au mtandio hauna tatizo, ila kofia ya jua ivue unapoingia ukumbini. Viatu unabaki navyo, tofauti na Thailand, ambako utaviacha mlangoni. Mlango wa katikati waachie wenyewe, pita wa pembeni, na kizingiti kiruke, usikikanyage hata kama ni kirefu. Usipige picha ndani ya kumbi, na usimnyooshee sanamu kidole. Mtawa hapewi mkono. Unganisha viganja kifuani au inamisha kichwa kidogo, inatosha. Ukiona alama ya msalaba uliopinda ncha kifuani mwa sanamu, usishtuke ukadhani ni mambo ya Hitler. Wabuddha walikuwa nayo karne nyingi kabla yake.

Epuka tarehe 1 na 15 za mwezi mwandamo wa Kichina, maana moshi na msongamano ni mkubwa, labda uwe umefuata hayo hasa. Nje ya lango anaweza kukujia mtu mwenye joho la kitawa akikuvisha bangili, kisha akudai pesa. Mrudishie, endelea na safari.

Njaa ikikuuma, tafuta mgahawa wa chakula cha kitawa, ambao haukosekani karibu na mahekalu makubwa. Hakuna nyama, hakuna pombe, hata vitunguu na saumu hawatii. Utaletewa kitu kinachofanana kabisa na nguruwe wa kukaanga, nawe utasukuma sahani. Ivute tena: ni soya na unga wa ngano.

Waislamu wana sababu nyingine ya kuja mtaa huu. Hatua chache kusini, barabara ya Guangta, uko msikiti wa kale wa Huaisheng, wenye mnara mweupe wa mita 36. Toka asubuhi mapema, malizana na mahekalu, na adhuhuri itakukuta msikitini.