Azola ya kuku na bata, jinsi ya kuiotesha nyumbani hapa Tabora

Wafugaji wenzangu, bei ya chakula cha kuku inatuumiza wote ndo maana naandika hii. Azola ni aina ya kangaga, ila yenyewe haisimami ardhini, inaelea kwenye maji yaliyotulia kama madimbwi, mifereji na majaruba ya mpunga. Ukiibana kwa vidole unaona vijani vimepandana kama magamba ya samaki na chini vimening'inia vizizi kama nyuzi. Ukiona majani mapana kama ukucha wa dole gumba, yamekaa mawiliwili na yana vinywelea juu, hiyo ni salvinia, gugu la kutoka Brazil, achana nalo kabisa.

Utamu wake uko hapa: ndani ya majani ya azola wanaishi bakteria wanaovuta naitrojeni ya hewani, kwa hiyo inajipa mbolea yenyewe, na ikikaushwa protini yake inacheza asilimia 20 hadi 30. Wakulima wa mpunga China na Vietnam wameitumia kama mbolea miaka mingi sana. Ila fosforasi haitoki hewani, lazima uipelekee, na hapo ndo samadi inaingia.

Chimba kibwawa cha mita 2 kwa 1, kina sentimita 20, toa vijiwe na mizizi yote halafu tandika nailoni nzito. Mwaga udongo uliochekechwa, usawa wa vidole viwili hivi. Koroga kilo 2 za samadi ya ng'ombe kwenye ndoo, chuja, mimina, ongeza maji yafike sentimita 10 na uache siku mbili tatu. Ndo uweke mbegu, yaani azola mbichi ya kuanzia, kisha nyunyiza maji kwa mkono ili iliyopinduka ikae sawa.

Sasa jua. Azola inapenda nyuzijoto 20 hadi 30, na jua letu la mwezi wa tisa na wa kumi mnalijua wenyewe, mi kibwawa changu cha kwanza nilikiweka peupe kikageuka chekundu kama kutu halafu kikaoza chote, nililia aisee. Cha pili nikakiweka chini ya mwembe na nyasi kidogo juu, kikafunika maji yote. Ikianza wekundu ongeza kivuli, ikiendelea ongeza samadi, na maji usiache yapungue.

Ikijaa vuna kwa chekecheke, usizidishe theluthi kwa mara moja. Suuza vizuri mpaka harufu ya samadi iishe, changanya na pumba, anza kidogokidogo wazoee. Bata hata hawasubiri uchanganye.

Ukisafisha kibwawa usimwage mabaki bwawa la Igombe, na ndugu zetu wa Kigoma msipeleke Malagarasi wala ziwani, maana ikifunika maji mwanga haupiti, hewa inapungua na samaki wanakufa. Fukia kwenye tuta la mchicha.