Rangi ya maziwa kwa samani za mbao: usiache siki kwenye mgando
Rangi hii, inayotengenezwa kwa maziwa na chokaa, ikikataa kushika, mara nyingi kosa liko kwenye maziwa yenyewe. Tumia yaliyoondolewa mafuta kabisa. Mafuta yakibaki, rangi inakuwa laini na haikauki vizuri.

Changanya lita 1 ya maziwa na nusu kikombe cha siki, acha usiku kucha yagande. Chuja kwa kitambaa, kisha suuza mgando kwa maji safi mpaka harufu ya siki iishe. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayoharibu kazi: siki iliyobaki huua nguvu ya chokaa, na chokaa ndiyo inayoyeyusha mgando kuwa gundi.

Koroga gramu 30 hivi za chokaa iliyozimwa (iliyokwisha kutiwa maji ikawa unga) pamoja na maji kidogo iwe uji, changanya na mgando, subiri mpaka mabonge yalainike, chuja tena. Vaa glavu na miwani, kwa sababu chokaa inaunguza. Kwa rangi, weka poda ya madini kama oksaidi ya chuma. Rangi za chakula hupauka zikikutana na chokaa.

Mbao iwe tupu. Juu ya vanishi rangi hii hubanduka, maana inahitaji kunywewa na mbao. Paka tabaka jembamba mara 2 au 3, ukipiga msasa mwepesi katikati. Tengeneza ya kutosha siku hiyo tu, kwani kesho yake huharibika. Meza inayomwagikiwa maji ipakwe mafuta ya kitani juu yake.